Siku Moja Kwenye Meli ya Mto Rhine: Namna ya Kuipanga Usipitwe na Kitu

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, karatasi ya ratiba huletwa chumbani. Isome kabla ya kulala, uandike kwenye simu nyakati mbili: saa ya kuanza matembezi, na saa ya mwisho ya abiria wote kuwa melini. Hiyo ya pili ndiyo kubwa. Kwa kawaida hutangulia kufunguliwa kwa kamba kwa nusu saa hivi, na meli ya mtoni haina nafasi ya kungoja, kwa sababu gati ina zamu na meli nyingine inakuja kuichukua. Ratiba huandika 13:30. Kwetu hiyo ni saa saba na nusu mchana. Badilisha hesabu mapema, si ukiwa mjini unakimbia.

Siku tunayoieleza hapa ni ile inayopendwa kuliko zote kwenye mto huu: asubuhi katika mji wa Rüdesheim, Ujerumani, kisha mchana kuteremka hadi Koblenz kupitia bonde la majumba ya ngome. Kipande hicho kina urefu wa kilomita 65 na kiliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2002.

Asubuhi, kula mapema. Wengi huteremka kwenye chumba cha kulia dakika ishirini kabla ya matembezi, foleni ikawa ndefu kwenye mayai na kahawa. Chukua kifaa cha kusikilizia maelezo ya kiongozi ambacho kimekuwa kikichajiwa chumbani usiku kucha, na ukijaribu kabla ya kushuka. Kisipokaa sawasawa kwenye chaja, betri itakufia katikati ya mji. Vaa viatu vya soli nene isiyoteleza, maana barabara za miji hii ya kale ni za mawe, na mvua ikinyesha huwa na utelezi. Beba sarafu za euro kwa ajili ya vyoo vya umma. Kama siku ni Jumapili, maduka mengi ya Ujerumani hufungwa, kwa hiyo dawa ya kichwa au chaja ya simu inunuliwe Jumamosi.

Mlangoni utaskaniwa kadi ya chumba, au utapewa kadi ya kutokea ambayo utairudisha ukipanda. Hivyo ndivyo meli inavyojua nani yuko nje. Usimpe mwenzio akurudishie yako ukiwa umebaki mjini: mfumo utakuhesabu umo ndani, na hakuna atakayekutafuta. Piga pia picha ya jina la gati na jina la meli. Meli zikiwa nyingi hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili hata tatu, na ili kufika kwako unapita kwenye ukumbi au sitaha ya meli ya jirani. Unaporudi mpangilio unaweza kuwa umebadilika.

Rüdesheim ina mtego wake: reli imepita kati ya mji na mto. Treni za mizigo ni nyingi, na mageti yakishafungwa huvuki mpaka zipite. Ongeza dakika kumi na tano kwenye muda wako wa kurudi. Ukitaka kupanda kwa vikapu vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma hadi kwenye mnara wa Niederwald juu ya mashamba ya mizabibu, nenda mwanzo wa muda wako wa bure, uchochoro wa Drosselgasse uuache mwisho. Huo ni mfupi na uko karibu na mto.

Sasa mchana. Panda sitaha ya juu kabla meli haijaondoka, ukiwa na koti hata kama jua linawaka, kwani upepo wa bondeni ni mkali. Tafuta kiti cha mbele, lakini usijifunge upande mmoja, maana ngome ziko pande zote mbili. Kitakachokuongoza ni mbao nyeupe zenye namba kubwa nyeusi kandokando ya mto. Hizo ni kilomita zinazohesabiwa tangu daraja la Konstanz. Rüdesheim iko karibu na 526. Ukiona 546, kaa tayari: katikati ya maji pale kwenye mji wa Kaub imesimama ngome ya Pfalzgrafenstein, iliyojengwa kutoza ushuru wa vyombo. Kwenye 554, kuliani kwako, ni mwamba wa Loreley, wenye kimo cha mita 132 hivi. Hapo mto umebanwa na kona ni kali. Karibu na 580, kulia tena, ni Marksburg, ngome ya kilimani ambayo haikuwahi kubomolewa vitani.

Kushuka na mkondo, kutoka Rüdesheim hadi Loreley ni kama saa moja na nusu tu. Meli inayopanda huchukua zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo anayeteremka asiende kulala baada ya chakula cha mchana akidhani ataamka kwa wakati. Kwa maoni yetu hata dessert iachwe.

Maji yakipungua, hasa mwishoni mwa kiangazi, Kaub ndipo pa kwanza kuleta shida, kwa kuwa mto pale ni wa kina kifupi. Meli ikishindwa kupita, abiria hupelekwa kwa basi au huhamishiwa meli nyingine. Yakijaa kupita kiasi, usafiri husimamishwa. Uliza mapokezi hali ya maji tangu siku ya kwanza, ufungashe vizuri.

Kutoka mji wa Iffezheim kuteremka, Rhine haina milango ya maji, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia meli. Ila kama safari yako inaingia mto Main, utaikuta 34. Vyumba vyake vina upana wa mita 12, na meli nyingi zina mita 11.4 na ushei. Zinabaki sentimita thelathini hivi kila upande, kwa hiyo usitoe mkono wala kiwiko nje ya ukingo wa sitaha. Huko pia madaraja ni ya chini: chumba anamoongozea nahodha hushushwa, viti hulazwa na sitaha ya juu hufungwa.

Usiku, meli inapogusa ukuta wa mlango wa maji utasikia mkwaruzo na mtetemo. Hiyo ni kawaida. Vyumba vya nyuma husikia injini zaidi, basi weka vizibo vya masikio karibu na kitanda. Meli ikiwa imefungwa gatini, vuta pazia kabla ya kubadili nguo: dirisha la jirani linaweza kuwa mita moja kutoka lako.