Dondoo: ukiingia mnada wa domeni, usivizie

Soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, unamwona anayegombea nawe gunia la dagaa. Ukimsoma uso unajua kama hela imemwishia. Kwenye mnada wa domeni, yaani majina ya tovuti, unaofanyika mtandaoni, humwoni mtu. Wengi wetu tunavizia sekunde ya mwisho, lakini minada mingi, ule wa GoDaddy, kampuni inayouza domeni, ukiwemo, ukiweka dau ndani ya dakika 5 za mwisho muda unaongezwa. Umevizia bure.

Amua mapema bei yako ya juu kabisa, iweke kama dau la kujipandisha lenyewe, kisha weka simu pembeni. Ukiweka dola 90 na mpinzani akaishia 40, unamzidi kidogo tu. Hulipi 90 yote. Unapopanga kikomo hicho hesabu pia ada ya kila mwaka ya kulihuisha jina, maana hiyo haiishi.

Kagua pia kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi kurasa za zamani za mtandao, jina hilo lilitumika kwa kazi gani. Jina la zamani la kamari sitaki hata bure.

Halafu, jina lililoisha muda mwenyewe anaweza kulihuisha hata wewe ukishashinda. Hela unarudishiwa, jina hupati. Usikimbilie kuchapa fulana. Mimi nilichapa 30.