Kutofautisha aina za maharage kwa maka za DNA, anzia shambani

Wanaofanya kazi na mbegu huku Mbeya mnajua shida ya majina. Ukiulizia kablanketi, aina ya maharage, sokoni Mwanjelwa unaweza kuonyeshwa magunia matatu, kila moja na rangi yake, na muuzaji anakuapia yote ni kablanketi. Macho hayatoshi hapo, maana punje zikikaa stoo zinabadilika rangi, ndo zinakuja maka, yaani alama ndani ya DNA zinazotofautisha aina.

Wengi wanakimbilia maabara, mi nasema kazi inaharibikia kwenye sampo. Mbegu ya mkulima mara nyingi ni mchanganyiko, mama wa Mbozi au Kilolo katenga kidogo kwenye mavuno, akaongezea ya jirani, akaongezea ya sokoni, kwa hiyo ukisaga majani ya mimea kumi kwenye tyubu moja ushajifungia mlango, huwezi tena kujua nini kilikuwemo. Panda, chukua jani changa la kila mmea peke yake, mimea nane mpaka kumi kwa kila mbegu, tia kwenye bahasha yenye silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) ikauke. Andika jina analoita mkulima mwenyewe na kijiji, piga picha punje zikiwa pembeni ya rula. Afu tafuta mbegu za kulinganishia, mfano Njano Uyole au Uyole 96, na hizo ombeni TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, sio dukani. Bila hizo utajua tu kwamba A sio B, basi.

Maka rahisi kuanza nazo ni SSR, yaani sehemu ambapo herufi za DNA zinajirudia, GAGAGAGA, na aina moja inaweza kuwa na marudio mengi kuliko nyingine. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha sehemu ya kunakiliwa) za maharage zilizokwisha kuchapishwa ziko nyingi, usijitese. Ukitaka za kwako, genomu ya maharage, yaani DNA yake nzima iliyosomwa, ilitoka 2014, unatafuta marudio kwa programu halafu Primer3 inakupangia praima za herufi kama 20. Hakikisha kromosomu zote 11 zinawakilishwa. Zijaribu kwanza kwa sampo chache zinazotofautiana sana, isiyotoa bendi (mstari wa DNA unaoonekana kwenye jeli) au inayotoa bendi ileile kwa wote tupa. PIC, kipimo cha uwezo wa maka kutofautisha, ikizidi 0.5 hiyo maka ni nzuri.

DNA unatoa kwa CTAB (kemikali ya kupasua seli) ya nyuzi 65, klorofomu (ndani ya kabati la hewa jamani), isopropanoli baridi, unaosha kwa ethanoli ya asilimia 70. Usomaji wa 260/280, kipimo cha usafi wa DNA, uwe karibu na 1.8. PCR, yaani kunakili DNA kwa mashine, ni kama kawaida, joto la praima kushika jaribu kuanzia 55. Jeli ya agarosi ya asilimia 3 inatosha kwa tofauti kubwa, ila tofauti ya herufi mbili haioni, hapo ni jeli ya poliakrilamaidi au mashine ya kapilari inayopima urefu wa vipande. Kila safari weka tyubu isiyo na DNA, na rudia baadhi ya sampo.

Kusoma sasa. Maharage yanajichavusha yenyewe, so mmea mmoja kwa kawaida unatoa bendi moja kwa kila maka. Ukiona bendi mbili kwenye maka nyingi shuku kwanza tyubu zimechanganyika, afu ndo ufikirie mmea umetokana na aina mbili kuchavushana. Na sampo mbili zikifanana kwenye maka zote usiandike "ni aina moja", andika maka hizi hazijazitofautisha, ongeza nyingine. Kwa hesabu maka 10 zenye aleli (sura tofauti za maka moja) tatu tatu zinatoa michanganyiko 59,049, lakini aleli za maharage zinatembea kwa makundi kwa hiyo uhalisia uko chini sana ya hapo.

Utofauti unapima kwa GenAlEx, inakaa ndani ya Eksel. Ukichora mti wa undugu wa sampo kwa programu nyingine utaona unagawanyika mara mbili, ukoo wa Andes wenye punje kubwa na ule wa Amerika ya Kati wenye punje ndogo, na mgawanyiko huo ni mkubwa kiasi kwamba unafunika tofauti ndogo. Kwa hiyo chambua kila ukoo peke yake, hapo ndo utaona kama yale magunia matatu ni mbegu moja au la.