Kifo cha ghafla: namna ya kuchukua sampuli za sumu mochwari

Mtu kalala mzima, asubuhi kakutwa amekufa. Ndugu wanasema kalishwa sumu, polisi wanaleta barua, na kila mtu anamsubiri Mkemia Mkuu. Lakini mashine hupima kilichomo kwenye chupa, basi. Majibu mengi yasiyoeleweka yameharibikia mochwari, si maabara.

1. Zuia dawa ya kuhifadhi maiti

Mwili usidungwe formalini kabla ya sampuli, hata kama ndugu wanataka kusafirisha leo. Dawa hiyo kwa kawaida huwa na methanoli (pombe yenye sumu) ndani yake. Ukishaidunga, swali la gongo au chang'aa yenye sumu halijibiki tena. Sianidi nayo huharibiwa. Jokofu, nyuzi 4, inatosha.

2. Piga simu wodini

Kama marehemu alifikishwa hospitali akiwa hai, damu aliyotolewa mapokezi huenda bado iko kwenye friji ya maabara, na hutupwa baada ya siku chache. Iombe sasa hivi. Hakuna damu ya maiti inayoishinda. Andika pia dawa alizopewa (atropini, mofini, diazepamu), maana zitajitokeza kwenye majibu na kuzua maneno.

3. Damu ya paja

Hapa ndipo kesi inapopona au kufa. Mtu akishakufa, dawa zilizojaa kwenye ini, mapafu na misuli ya moyo huvuja na kuingia kwenye damu iliyo jirani. Amitriptilini (dawa ya sonona) na digoksini (dawa ya moyo) ndizo sugu: damu ya moyo inaweza kusoma mara kadhaa zaidi ya damu ya paja, na aliyekuwa akimeza vidonge vyake kama alivyoandikiwa akaonekana amejiua.

Ichukue kabla ya kufungua kifua na tumbo. Chana ngozi ya kinena kama sentimita 5, chini kidogo ya mkunjo. Ateri ni nyeupe na ngumu kidogo. Vena iko upande wake wa ndani, laini, ya bluu iliyoiva. Ifunge kwa uzi upande wa juu, kuelekea tumboni, ndipo uchome sindano chini ya fundo. Bila fundo unavuta damu ya tumboni, na chupa inaandikwa "paja" kwa uongo. Wapo wanaochoma kwa kukisia bila kuchana; mimi siuamini mtindo huo.

Vuta polepole, mililita 10 hadi 20. Ikigoma, usikamue mguu, kwa sababu utaleta majimaji ya misuli. Nenda paja la pili. Damu iliyotuama kifuani baada ya kupasua si mbadala wake: imeshachanganyika na mengine. Ya moyo chukua, lakini katika chupa yake na jina lake.

Sasa chupa. Unahitaji kihifadhi kinachozuia vijidudu, sodiamu floraidi, asilimia 1 hadi 2, yaani miligramu 100 hadi 200 kwa damu mililita 10. Vile vichupa vya kijivu vya kupimia sukari huwa na takriban miligramu 2.5 kwa mililita, sawa na asilimia 0.25, bakteria na chachu wataendelea kupika pombe humo. Jaza karibu na kifuniko, kwani pombe na gesi ya mkaa (kaboni monoksidi) hutorokea kwenye nafasi tupu. Geuza chupa taratibu mara kumi.

Ila ukishuku dawa ya wadudu ya jamii ya organofosfeti, weka chupa moja *bila* floraidi, yenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande). Floraidi yenyewe huzuia kolinesterasi, kimeng'enya kilekile unachotaka kipimwe.

4. Jicho

Sindano kwenye pembe ya nje ya jicho, vuta polepole ute wa ndani mililita 2 hadi 3, kisha rudisha maji ya chumvi kiasi hichohicho ili jicho lisibonyee, ndugu watalitazama. Ute huu huoza kwa kuchelewa, kwa hiyo damu ikisema pombe na jicho likakana, pombe hiyo huenda imetengenezwa baada ya kifo. Pima humohumo na sukari.

5. Vingine

Mkojo, wowote uliopo. Ini gramu 100, upande wa kulia, ndani kabisa, kwa kuwa wa kushoto hunyonya kutoka tumboni.

Tumbo: pima ujazo wote *kwanza*, kisha chukua mililita 50. Bila ujazo wote hujui alimeza kiasi gani. Fungulia penye hewa. Vidonge vya kuhifadhia mahindi hutoa fosfini, harufu kama kitunguu saumu au samaki aliyevunda, na gesi hiyo inaweza kukudhuru wewe mwenyewe.

6. Lakiri na barua

Kila chupa: namba ya mwili, mahali ilikochukuliwa, tarehe, saa, sahihi. Lakiri, saini ya kila anayepokea, friji mpaka safari, barafu njiani.

Barua ya "pima sumu" humlazimisha mkemia kubahatisha. Andika mboni zilikuwaje, povu, rangi ya ngozi (waridi iliyokolea na jiko la mkaa chumbani ni habari kubwa), vifungashio vilivyookotwa na maradhi yake. Kama nyumbani kuna mwenye kisukari, taja insulini kwa jina. Haimo kwenye vipimo vya kawaida, na isipoombwa haitafutwi.