Kuzoea kibodi ndogo ya Kijerumani kwenye laptopu ya mtumba

Baadhi ya laptopu ndogo za mtumba tunazonunua huku Mbeya zimetoka Ujerumani. Z imekaa mahali tulipozoea Y, Y imeshushwa chini karibu na Shift, na kulia kwa L kuna Ö na Ä. Mwezi uliopita mdogo wangu anayesoma kilimo aliniletea ya kwake hapa steshenari, Mwanjelwa, akiwa na ripoti ya ng'ombe wa maziwa wa Rungwe. "Dada, nakabidhi kesho," akaniambia. Tulimaliza saa saba usiku. Wewe nataka umalize kwa nusu saa.

Kwanza, namba. Ukichapa "juma" ikatoka "140a", kibodi ni nzima. Kwa kuwa haina nafasi ya zile namba za upande wa kulia, zimefichwa ndani ya herufi: J ni 1, U ni 4, M ni 0. Bonyeza Fn pamoja na NumLk.

Pili, mpangilio. Hapa soma taratibu, maana ndipo usiku wetu ulipopotelea.

Herufi iliyochorwa juu ya kitufe ni rangi tu. Windows ndiyo inayoamua kitu gani kitoke. Wapo wanaoacha mpangilio wa Kijerumani na kujifunza kuvumilia Z na Y zilizobadilishana. Kwa anayechapa Kiswahili mimi sishauri kabisa. Kidole kikiteleza, "risiti ya duka" inakuwa "risiti za duka", "barua yake" inakuwa "barua zake". Maana imegeuka, na hutaona mstari mwekundu, kwa sababu "za" na "zake" ni maneno halali.

Ingia Settings, kisha Time & language, fungua lugha unayotumia, uongeze kibodi inayoitwa US. Iwe US tupu. Usiguse United States-International. Mimi niliichagua hiyo nikidhani jina refu lina uwezo zaidi, na ndiyo iliyotutesa. Mdogo wangu alikuwa ameandika ritifaa ya "ng'" kwa kitufe cha alama ya mkazo kilicho kando ya Backspace. Kitufe hicho hakitoi kitu papo hapo. Kinasubiri herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu kinaikalia kichwani. Ripoti nzima ilikuwa na "ngómbe". Nilipoweka International, ritifaa yenyewe ikawa na tabia ileile: ' ikifuatwa na o inatoa ó. Tukabadilisha fonti, tukazima na kuwasha mashine, tukailaumu programu ya kuandikia. Kwenye US tupu ritifaa hutoka mara moja, nayo iko kwenye kitufe kilichoandikwa Ä.

Kabla ya kuufuta mpangilio wa Kijerumani, fungua Notepad uchape paswedi yako uione kwa macho, kisha uifute. Kama ina Z, Y au alama yoyote, vidole vyako vinaweza kuwa vinatoa kitu kingine sasa. Ikikataa wakati wa kuingia, tazama kona ya chini kulia ya skrini ujue ni mpangilio upi unaotumika. Ukishahakikisha, futa wa Kijerumani. Ukibaki, Alt na Shift, au Ctrl na Shift, zikibonyezwa pamoja kwa bahati mbaya zinaweza kukurudisha huko bila kukuambia, na kwenye kibodi ndogo vitufe hivyo vimebanana.

Tatu, kusafisha kilichoharibika. Nakili "ngó" kutoka kwenye ripoti yenyewe, bonyeza Ctrl+H ufungue sehemu ya kutafuta na kubadilisha, bandika, na chini yake andika "ng'o". Badilisha machache moja moja kwanza, uone "mlango" haujaguswa, ndipo ubadilishe yote. Rudia kwa á, é, í na ú. Vichwa vya herufi kubwa vipitie kwa macho. Ukifanya haya kabla ya hatua ya pili, utakuwa unabadilisha ó kwa ó.

Nne, mikono. Vibandiko vya herufi sivipendi: vinabanduka, vinaacha gundi, na vinakufundisha kuangalia chini. Chapa sentensi kama "nyanya zangu za Uyole zimeiva" mara ishirini kila siku, macho yakiwa kwenye skrini. Mdogo wangu aliacha kukosea siku ya nne. Baridi ya Juni asubuhi, pasha mikono kwanza. Vidole vilivyokufa ganzi hubonyeza vitufe viwili kwa pamoja.

Ukikuta \ katikati ya sentensi, kidole chako cha mwisho kimeikosa Shift ya kushoto, ambayo imefupishwa ili kupisha kitufe cha < na >. Ya kulia ni ndefu. Tumia hiyo.