Siku moja Mombasa: kutembea mjini na bado ufike kwa shangazi

Kama uko Mombasa siku moja tu na una jamaa Likoni, ng'ambo ya feri, anza na mji asubuhi, jamaa waachie mchana, maana ukianzia kwa shangazi hutoki tena, utaambiwa kaa kwanza, kula kwanza, na siku imeisha.

Mpigie simu jana yake, tafadhali, usiende ghafla watu wakaanza kuhangaika na jiko.

Asubuhi kula mahamri na mbaazi halafu ingia Fort Jesus, ile ngome ya zamani, mapema kabla jua halijakuwa kali, beba kitambulisho coz Wakenya bei yao ni tofauti na ya wageni. Usipite mbio. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu mpaka wakaichukua 1698, na ndani kuna nyumba ya Waomani, mi ndo napapenda zaidi. Ukitoka ingia Mji wa Kale kwa miguu, angalia milango ya nakshi, na ukitaka kupiga watu picha omba ruhusa kwanza.

Pembe za Moi Avenue, zile sanamu kubwa za pembe za ndovu juu ya barabara, dakika tano zatosha.

Zawadi nunua soko la Marikiti, matunda ama viungo, kisha tuktuk mpaka feri ya Likoni, ukivuka kwa miguu ni bure, vuka kabla ya saa kumi jioni coz baadaye watu hujaa sana. Ukifika toa shikamoo kwa wakubwa wote, na ukipakuliwa kula, hata kidogo.