Baada ya Kushinda kwa Dakika za Nyongeza: Saa 24 za Timu ya Kikapu ya Chuo

Mechi imeisha 61 kwa 59 baada ya dakika 5 za nyongeza. Jua linakaribia kuzama, saruji ya uwanja bado ina moto, na wanachuo waliokuwa wamejipanga kwenye mstari wa pembeni tayari wako katikati ya uwanja. Katika hali hiyo timu nyingi hukosea mambo matatu: skoshiti (karatasi rasmi ya kuandikia pointi na faulo) haikaguliwi, aliyeteguka kifundo anarukaruka na wenzake, na hakuna anayekumbuka ni kwa nini mechi ilifika kwenye nyongeza. Mwongozo huu ni wa makocha, manahodha na viongozi wa michezo wa vyuo vya Tanga. Timu iliyokuwa mbele kwa pointi 6 zikiwa zimebaki dakika 2, kisha ikasawazishwa, imeshinda kweli, lakini ilishauachia ushindi mara moja. Hilo ni la kufanyiwa kazi kabla ya mechi inayofuata.

Dakika 15 za kwanza

Anza na usalama wa watu. Viwanja vyetu vingi havina uzio, na mashabiki hukaa hatua mbili tu kutoka kwenye mstari. Teua wanachuo 6 hadi 8 kabla ya mechi, wavae fulana za rangi moja, na wajue kwamba kazi yao ni kuwasindikiza wageni na waamuzi watoke kwanza. Mapumziko kabla ya nyongeza ni dakika 2. Wakati kocha anazungumza na timu, wao washike nafasi zao. Usingoje king'ora, kwa sababu kikishalia hakuna atakayesikia agizo lako. Tarehe 21 Januari 2024 huko Marekani, timu ya wanawake ya chuo cha Ohio State iliifunga ile ya Iowa 100 kwa 92 katika nyongeza, mashabiki wakavamia uwanja, na shabiki mmoja akagongana na Caitlin Clark, mchezaji wa Iowa, hadi Clark akaanguka. Ilitokea kwenye ukumbi wa ndani wenye walinzi wa kulipwa, seuze uwanja wa wazi ambao hata bajaji hupita kando yake.

Kupeana mikono kufanyike hapo hapo, kabla ya kushangilia. Nahodha awapange wenzake kwa mstari na yeye atangulie. Mchezaji aliyekuwa akivutana na mpinzani mechi nzima awekwe katikati ya watu wawili watulivu, asiachwe mwisho wa mstari peke yake.

Wakati huo huo mtu mmoja wa benchi, na si kocha, aende mezani kusimama na skoshiti. Mwamuzi mkuu akishaikagua na kuisaini, kazi ya waamuzi na mechi ile imekwisha, na kurekebisha kosa baada ya hapo ni safari ndefu. Akague yafuatayo: jumla ya pointi za robo nne na za nyongeza zilingane na namba ya mwisho iliyozungushiwa kwenye safu ya pointi za mfululizo, kila kikapu cha pointi 3 kiwe na duara kwenye namba ya mfungaji, na mchezaji mwenye faulo 5 asionekane amefunga baada ya faulo ya tano. Kosa la kawaida ni kikapu cha pointi 3 kuandikwa 2 wakati meza inapigiwa kelele. Katika ushindi wa pointi 2, makosa mawili kama hilo yanatosha kuifanya mechi iwe sare.

Ujue pia haki ya waliofungwa. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, nahodha wa timu inayopinga matokeo humweleza mwamuzi mkuu na kusaini sehemu yake ya skoshiti ndani ya dakika 15 baada ya mechi, na sababu za pingamizi hutolewa kwa maandishi ndani ya saa 1. Wakifanya hivyo msiwazomee. Ni utaratibu, na huenda kesho mkauhitaji ninyi.

Mwili kwanza, sherehe baadaye

Mchezaji aliyecheza dakika 40 na kuongezewa 5 asikae chini ghafla. Atembee dakika 5 hadi 10 kuuzunguka uwanja. Akiacha kutembea ghafla, damu hubaki miguuni, na ndiyo maana wengine huona kizunguzungu au kuanguka dakika chache baada ya furaha kuanza.

Kupima jasho hakuhitaji mashine. Weka mizani ya kawaida ya bafuni. Kila mchezaji apime kabla ya mechi na baada yake, akiwa amejifuta jasho na amevaa nguo nyepesi. Kila kilo 1 iliyopungua inahitaji lita 1.2 hadi 1.5 za kinywaji, zinywewe polepole kwa saa 4 hivi. Wakati wa kaskazi, hewa ya Tanga ikiwa nzito kwa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka, kwa hiyo mwili haupoi ingawa unapoteza maji mengi. Si ajabu mchezaji mkubwa kupungua kilo 2 katika mechi moja.

Maji matupu hayatoshi, na yakizidi sana huishusha chumvi ya damu. Tengeneza mchanganyiko huu: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko visawazishwe, visiwe na kilima. Kamulia chungwa la Muheza kama ladha inamshinda mtu. Chumvi usiongeze kwa kukisia, maana ikizidi huvuta maji tumboni na mchezaji ataharisha. Madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni ndogo ukilinganisha na ile inayotoka kwenye jasho, hivyo yaende pamoja na chakula chenye chumvi.

Mechi ikianza saa kumi na nusu jioni na kwenda nyongeza, itaisha magharibi inapokaribia. Panga ratiba ukizingatia hilo: kinywaji na ndizi mbivu mbili mara moja, kisha wanaoswali waende, halafu chakula kamili ndani ya saa 2. Kama kuna mechi kesho yake, lengo ni gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa katika saa 4 za mwanzo. Kwa mchezaji wa kilo 70, gramu 70 ni kama kikombe kimoja na nusu cha wali uliopikwa. Protini iwe gramu 20 hadi 25 kwa mlo, nayo hupatikana kwenye mayai 2 na glasi ya maziwa, au kipande kizuri cha samaki pamoja na maharage. Chipsi zilizojaa mafuta ziache hadi siku ambayo hakuna mechi kesho yake. Hukaa tumboni muda mrefu na mchezaji hushindwa kula wanga wa kutosha.

Majeraha yakaguliwe kabla watu hawajatawanyika, kwa sababu msisimko huficha maumivu. Mwambie kila mchezaji asimame kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, kila upande. Aliyeteguka kifundo na kushindwa kutembea hatua 4, au anayeumia ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, apelekwe kupigwa picha ya eksirei. Wengine wawekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, bandeji ya kubana, na mguu uinuliwe. Barafu ya mabonge hupatikana kwa wauza samaki. Iagizwe asubuhi na ihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Isiwekwe moja kwa moja kwenye ngozi, kwani huiunguza. Kusugua dawa ya moto na kukanda kwa nguvu usiku ule huzidisha uvimbe.

Aliyegongwa kichwa hachezi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Naye anayeongea ovyo au kuyumba, ngozi ikiwa ya moto, amezidiwa na joto. Hiyo ni dharura. Mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwekee barafu shingoni, kwapani na kinenani, na usafiri utafutwe wakati kazi ya kumpoza inaendelea.

Baada ya chakula, usingizi. Kahawa chungu na kashata kwenye baraza za Ngamiani ni tamu baada ya ushindi, lakini mchezaji anayeinywa saa tatu usiku anaweza kuangalia dari hadi saa nane. Anywe tangawizi. Asubuhi, kuogelea taratibu Raskazone kwa dakika 15 hadi 20 kunatosha kulegeza miguu. Bahari yetu ni ya uvuguvugu, kwa hiyo usiitarajie ifanye kazi ya barafu.

Uchovu wa nyongeza hauishi usiku mmoja. Machi 2009 jijini New York, katika mashindano ya vyuo, Syracuse iliifunga Connecticut 127 kwa 117 baada ya vipindi 6 vya nyongeza, na Jonny Flynn wa Syracuse akacheza dakika 67. Katika mechi iliyofuata walishinda tena, lakini ilibidi wafike nyongeza. Kisha fainali wakafungwa na Louisville 76 kwa 66. Kwenye mashindano yenye mechi za mfululizo, mchezaji aliyezidisha dakika 40 aanze kwenye benchi kesho yake, au apangiwe vipindi vya dakika 4 hadi 5 tangu mwanzo. Ukimtoa akiwa ameshachoka, umechelewa.

Maneno ya jioni ile

Kocha aongee dakika 2, zisizidi. Asifu tendo, asisifu jina peke yake: “Ribaundi ile ya sekunde 20 za mwisho ilitoka kwa mtu aliyemzuia mpinzani kwa mgongo kabla ya kuuangalia mpira.” Aseme saa ya kukutana kesho na kufunga kikao. Lawama zote zingoje. Kijana aliyekosa mitupo huru miwili mwishoni mwa robo ya nne analijua kosa lake kuliko mtu yeyote, na akiguswa mbele ya wenzake usiku ule, mechi ijayo ataukimbia mpira. Mfuate pembeni, mwambie kesho mtapiga mitupo pamoja.

Ujumbe wa WhatsApp wa chuo uandikwe na mtu mmoja na uwe mfupi: matokeo ya kila robo, matokeo ya mwisho, wafungaji watatu wa juu, shukrani kwa timu pinzani. Video ya mpinzani aliyekosa kikapu cha mwisho isitumwe. Waamuzi wasitajwe, kwa wema wala kwa ubaya. Mwanahabari wa redio akiuliza siri ya ushindi, mchezaji aeleze shambulizi moja analolikumbuka vizuri. Jibu la hivyo lina maana kwa msikilizaji kuliko “tunamshukuru Mungu, tulijituma” ambalo ameshalisikia mara nyingi.

Kesho yake: soma mechi kama uliyofungwa

Hapa ndipo penye faida kubwa. Kaeni na video ya simu na daftari, na msianze na nyongeza. Anzeni dakika 3 za mwisho za robo ya nne. Andikeni kila shambulizi la pande zote mbili: limeishaje, nani alikuwa na mpira, saa ilisoma ngapi. Mara nyingi mtakuta uongozi ulipotea kwa mipira iliyopotezwa dhidi ya ulinzi wa kubana, au kwa mipigo ya haraka zikiwa zimebaki sekunde 15 kwenye saa ya mashambulizi (saa inayohesabu muda wa kila shambulizi).

Kisha hesabuni faulo. Kanuni inasema faulo za timu katika nyongeza huendeleza zile za robo ya nne. Timu iliyomaliza robo hiyo ikiwa na faulo 4 au zaidi inaingia nyongeza ikiwa tayari kwenye adhabu, na kila faulo ya difensi humpa mpinzani mitupo huru 2. Faulo ya kizembe katikati ya uwanja, dakika ya kwanza ya robo ya nne, hulipwa hapa.

Kipimo cha nyongeza ni pointi kwa shambulizi. Chukua mipigo ya uwanjani, toa ribaundi za ushambuliaji (mipira mliyoidaka tena baada ya kukosa kikapu), jumlisha mipira iliyopotezwa, kisha jumlisha mitupo huru mara 0.44. Mfano: mipigo 8, ribaundi 2, mpira 1 uliopotezwa, mitupo huru 5. Unapata mashambulizi 9.2. Kama mlifunga pointi 10, ni karibu pointi 1.09 kwa shambulizi, ambayo ni nzuri. Ila mashambulizi 9 ni machache mno kukuambia kwamba mchezo fulani umekuwa silaha yenu. Mipira miwili ya pointi 3 ikiingia kwa bahati, hesabu yote inapaa.

Kuna jambo ambalo vitabu vya kumbi za ndani havilitaji. Katika nyongeza timu hazibadilishani magoli. Kila moja huendelea kushambulia kikapu ilichokuwa nacho robo ya nne. Kwenye uwanja wa wazi karibu na bahari, upepo wa kusi au jua la jioni likimpiga mpigaji machoni, upande mmoja unaubeba mzigo huo robo nzima na nyongeza juu yake. Andika mwelekeo wa upepo na jua kwenye daftari. Ukiona wapinzani walikosa mipigo ya mbali 7 kati ya 8 wakiwa wanaangalia magharibi, usiipe difensi yako sifa zote.

Mazoezi yatakayofuata, kwa ambao hawakuchoka sana, yawe ya dakika 2 za mwisho. Weka ubao 57 kwa 55, timu zote zikiwa na faulo 5, kila moja na taimu-auti 1 (mapumziko mafupi yanayoombwa na kocha). Saa isimame kila kikapu kinapoingia, kama kanuni inavyotaka katika dakika 2 za mwisho. Wafundishe na hili: baada ya taimu-auti katika muda huo, timu yenye mpira kwenye nusu yake inaweza kuchagua kuurushia mbele, lakini saa ya mashambulizi ikiwa na sekunde 14 au zaidi itawekwa 14. Rudia mara 6, timu inayoongoza ibadilike kila mara, na kati ya raundi kila mchezaji apige mitupo huru 2 akiwa bado anahema. Andika matokeo ya mitupo hiyo kwa jina. Ndiyo orodha utakayoitumia kuchagua nani ashike mpira mkilazimishwa kufanyiwa faulo.