Soksi kavu ndani ya buti lililolowa
Kwenye tamasha la muziki wa hevi metali (roki nzito yenye kelele) la uwanjani wakati wa kiangazi, jua na mvua huweza kupokezana siku hiyohiyo. Beba soksi nzito na mifuko miwili ya plastiki, vyote ndani ya mfuko uliofungwa fundo. Mvua ikikatika, futa miguu vizuri, hasa katikati ya vidole, vaa soksi, juu yake mfuko, ndipo uvae buti. Plastiki inazuia maji ya buti yasifike kwenye soksi. Jua likirudi kali, itoe haraka: jasho halina pa kutokea, soksi italowa kwa ndani. Pale mbele ya jukwaa mashabiki wanaporukaruka na kusukumana nisingeivaa kabisa, mguu unateleza. Ukisikia radi, soksi zisubiri. Ondoka uwanjani kwanza.